Dogo ana Div II ya EGM: baba anasema chuo kikuu, mjomba anasema VETA, mwenyewe anataka kuoka keki. Mngemshauri nini?

#1 Kaka wa Mbagala
Wakuu, salaam. Nina mdogo wangu wa kiume, kamaliza kidato cha sita mwaka huu, EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), Divisheni II. Kwa shule aliyosoma, hizi za kwetu za kata, kajitahidi sana. Hesabu alikuwa anafundishwa na kijana mmoja wa mtaani anayeuza vocha.

Nyumbani sasa hapakaliki. Mzee anataka dogo aombe Uhasibu, chuo chochote kile, ilimradi siku moja avae joho na ukoo upige picha. Mjomba ana gereji, na tangu nimfahamu sijamwona amekosa hela ya kula. Yeye anasema apelekwe VETA, vyuo vya ufundi stadi, akasome umeme, miaka miwili arudi na mkono wa kazi. Dogo mwenyewe tangu kidato cha nne anaoka keki. Alianza na sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko. Sasa hivi ana oveni ndogo ya gesi aliyoinunua kwa hela za oda za keki za kuzaliwa. Hataki chuo wala VETA, anataka aachwe aoke.

Mlipaji kwa sehemu kubwa ni mimi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ukija nusunusu, siwezi kubeba ada, chumba na chakula kwa miaka mitatu. Naomba mawazo ya watu waliopita huko wenyewe.

#2 Chumvi Kidogo
Nimekaa paleee, nasubiri waliosoma waje watuambie tusisome.

#3 Ngosha wa Kati
Chuo. Mengine yote ni porojo. VETA wanakwenda waliofeli la saba, Div II unaipelekaje kule? Na mwanaume kuoka keki, mkuu, hebu tuheshimiane.

#4 fundiNeema
Ngosha, mimi nina Div III ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na nimepita VETA. Darasani kwetu tulikuwa na wa kidato cha nne, wa sita, na kaka mmoja mwenye digrii ya Sosholojia aliyechoka kukaa nyumbani. Hiyo ya waliofeli la saba waachie wazee wa vijiweni.

Mleta mada, kwenye vyuo vya VETA vyenyewe ada ya kozi ndefu ni 60,000 kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni, na hiyo ni kwa mwaka mzima. Sare na vifaa ni juu yako, na huko ndiko hela inakotoka kwa wingi. Vyuo vya ufundi vya watu binafsi vina bei zao, usiingie kichwa kichwa.

Kwa umeme, ukimaliza unaomba leseni EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Kuna madaraja A, B, C, D na W, na wengi wetu tunaanzia chini. Usipokuwa nayo utafanya wayaringi nyumba nzima, halafu fomu ya TANESCO ikihitaji muhuri unampelekea mwenye leseni sehemu ya jasho lako. Nimefanya hivyo muda mrefu, naujua uchungu wake.

Kingine ambacho mjomba hawezi kukijua: mimi nikigonga geti na begi langu la vifaa, mteja anachungulia nyuma yangu anauliza fundi yuko wapi.

#5 Chumvi Kidogo
Na wewe unamjibu nini?

#6 fundiNeema
Namwambia fundi amepaki gari, anakuja. Halafu naanza kazi.

#7 Ngosha wa Kati
Sawa dada, nimekusoma. Ila huyo wa Sosholojia ndiye shahidi wangu mimi. Alikuwa na digrii kwanza, ufundi akaongeza baadaye. Aliyeanza na ufundi akiwa na miaka kumi na tisa, akiwa na mke na watoto atarudi darasani lini?

#8 mwl_kijijini
Naongea kama mtu aliyeipita njia ya baba yenu. Nilimaliza Ualimu 2015, Hisabati na Jiografia, masomo tuliyoambiwa hayana kusubiri. 2016 serikali ikasimamisha ajira kwa ajili ya uhakiki wa watumishi hewa. Nikakaa. Nikaingia shule moja ya binafsi ambako mshahara ulikuwa unakuja ukijisikia. Nikafundisha twisheni, nikajitolea shule ya kata kwa posho wanayochanga wazazi. Nimekuja kupata ajira nina watoto wawili. Na wadogo zetu wanaomaliza sasa, tangu 2024 hata mwalimu anaitwa kwenye usaili, anakaa na kalamu kama mtahiniwa.

Sijuti kusoma, na wanafunzi wangu nawapenda. Ninachokikataa ni hiyo hesabu ya "miaka mitatu". Kuna miaka mitatu ya chuo, halafu kuna miaka ya kusubiri ambayo haina boom (posho ya kujikimu chuoni) wala mkopo. Hiyo ya pili nani anailisha? Kaka, kaa na mzee mjibizane hilo kwanza kabla hujajaza fomu yoyote.

#9 Chumvi Kidogo
Mwalimu kashusha nondo. Uzi ungefungwa hapa, ila nawajua hamtakubali.

#10 Daftari Kuu
Kwenye Uhasibu niachieni mimi. Digrii ya Uhasibu peke yake siku hizi inakuweka kwenye foleni tu. Waajiri wengi wanauliza CPA ya NBAA, cheti cha taaluma cha bodi ya wahasibu, na mitihani ile unaweza kuanza nayo ukiwa bachela ukaimaliza mwanao anasoma chekechea. Mnazikumbuka ajira za TRA, mamlaka ya mapato, 2025? Nafasi 1,596, walioomba zaidi ya 135,000. Wenye umri wangu wanakumbuka na Uhamiaji 2014, vijana zaidi ya elfu kumi wamejaa Uwanja wa Taifa, nafasi 70.

Lakini msinilishe maneno. Hizo 1,596 zimepata watu, na kila aliyepata alikuwa na cheti mkononi. Mwoka keki hakuwepo hata kwenye orodha ya kukosa.

Na Bodi ajiandae nao, asilimia 8 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe.

#11 Wakili wa Vichochoroni
Mhasibu gani hajui makato? Hiyo 8 ni ya kale. Tangu sheria irekebishwe 2016 ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Au ulisomeshwa na mzee?

#12 Daftari Kuu
Nilisomeshwa na kahawa ya mzee, Mbozi. Haya, 15.

#13 Ngosha wa Kati
Na juu yake ile asilimia 6 ya kulinda thamani, unalipa deni halishuki.

#14 Wakili wa Vichochoroni
Ilifutwa 2021, Rais Samia aliitangaza Mei Mosi pale Mwanza. Mnaishi wapi nyie?

Nikiwa bado hapa: mzee akighairi Uhasibu akasema Sheria, mfungieni ndani. Ukimaliza digrii bado kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo. Matokeo ya 2022 yaliyozua kelele nchi nzima, watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, mpaka ikaundwa kamati chini ya Dkt. Mwakyembe. Mimi nilipita salama, namshukuru Mungu. Leo naandika mikataba ya pango la fremu Kariakoo na kugonga muhuri viapo vya vyeti vilivyopotea. Nakula, sikatai. Ila dalali aliyeitafuta hiyo fremu anaondoka na kodi ya mwezi mzima, mimi naondoka na hela ya mafuta.

#15 Spana 14
Naona VETA mnaipamba kama vile hakuna fundi anayelala njaa. Mimi nina gereji, si ya mjomba wako lakini hazipishani. Kila mwaka naletewa vijana wa mafunzo kwa vitendo. Wengi wanajua injini ya kwenye ubao. Gari zinazoingia sasa unaanza na mashine ya kusoma makosa, hujagusa spana, na mashine yenyewe wengine wanaiona kwangu kwa mara ya kwanza. Si kosa lao.

Kinacholisha fundi ni wateja na vifaa. Kijana anamaliza VETA na cheti kizuri, hana hata seti ya bisibisi. Anakuwa saidia fundi wa mtu ambaye hakusoma kabisa ila ana vifaa. Kwa hiyo ukisema umeme wa miaka miwili, ongeza na hela ya vifaa, na muda wa watu kukujua. Mteja hafungui vyeti, anauliza jirani.

#16 Moto_6G
Spana umesema kweli kwa mafundi wa mtaani. Kuna sehemu cheti kinatazamwa mpaka na darubini. Mimi ni mchomeleaji. Nilianza kwenye mageti na madirisha ya grili, Tabata, hela ya kubangaiza. Nikajichanga nikafanya mtihani wa 6G: bomba limefungwa limelala digrii 45, unalichomea kuzunguka lote bila kuligeuza, halafu linapigwa picha kama mgonjwa wa kifua. Kukiwa na matundu ya hewa kupita kiwango kinachoruhusiwa, umefeli. Nilipofaulu nilipata kazi kwenye mradi mmoja mkubwa wa mabomba na nikalipwa kwa mwezi kiasi ambacho Daftari Kuu akikisikia ataomba kubadilishana.

Upande ambao watu hawaposti: mkataba ukiisha umeisha. Bomba la mafuta la Hoima hadi Chongoleani ni kilomita 1,443, ni refu, ila lina mwisho. Miezi ya katikati unarudi kwenye mageti, na yule fundi uliyemwachia wateja harudishi.

#17 Daftari Kuu
Kiasi gani hicho? Taja, tuko watu wazima.

#18 Moto_6G
Mke wangu yumo humu.

#19 dada_mkali
Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni sisi kudhani mtoto wa miaka 19 anajua anachotaka. Mwalimu Nyerere aliliona 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea, akaamuru huendi chuo kikuu mpaka ufanye kazi kwanza. Turudishe utaratibu huo tu.

#20 Babu Ifunda
Binti, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa. Elimu ya Kujitegemea ni 1967, ni kweli, lakini sharti la kufanya kazi kabla ya chuo kikuu lilikuja na Azimio la Musoma, Novemba 1974. Mimi ni matunda yake. Nilitoka Ifunda, shule ya ufundi. Wakati ule zilikuwapo Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara, Bwiru, Iyunga, na ukimaliza kidato cha nne unajua kutumia randa na tindo, na Fizikia pia unaijua. Nikafanya kazi kiwandani, ndipo nikapelekwa chuo kwa mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama.

Msilikumbuke kwa machozi ya furaha tu. Wapo waliosahaulika huko huko kazini, barua ya mapendekezo haikuandikwa kwa sababu hawakuelewana na katibu wa tawi. Wasichana wengi waliolewa katikati. Utaratibu ukaja kulegezwa. Na leo ukimwambia kijana afanye kazi kwanza, atakuuliza kazi ipi. Sisi tulipangiwa.

Nasikia sasa wamerudisha mkondo wa amali (mafunzo ya ufundi) sekondari, kwenye sera ya toleo la 2023. Nitaamini nikiziona karakana zina mashine na mashine zina umeme.

#21 Chumvi Kidogo
Shikamoo babu. Hapo kwenye katibu wa tawi umenikumbusha mtu.

#22 dada_mkali
Shikamoo babu, nimetoa sasa. Asante kwa darasa.

#23 Mama Keki Segerea
Wote mmezungumza ya kwenu, keki yenyewe hakuna aliyeigusa isipokuwa Ngosha na uanaume wake. Ngosha, keki ya send-off ya dada yako aliitengeneza nani unajua?

Mimi naoka, ndiyo kazi yangu, na nimesomesha nayo. Kaka, kwanza mwambie dogo aache kuhesabu oda, ahesabu kinachobaki. Achukue daftari aandike mayai, siagi, unga, sukari, gesi, boksi, bodaboda, na keki iliyopinda ikabidi irudiwe. Wengi wanaoka mwaka mzima wakidhani wana faida kumbe wanakula mtaji. Pili, kazi ina misimu. Juni mpaka Agosti harusi na send-off zinakuzidi. Kwaresima na Ramadhani unakaa unatazamana na oveni. Desemba hulali. Asiyeweka akiba ya miezi ya kimya anauza oveni mwezi wa tatu. Tatu, advansi nusu kabla ya kugusa unga, hata kama mteja ni shangazi. Shangazi hasa.

Na hili la kupenda. Nilipenda kuoka nilipokuwa naoka Jumamosi. Sasa nimeamka saa tisa usiku napanga maua ya sukari juu ya ghorofa nne za keki, umeme umekatika, friji inayeyusha krimu, na bibi harusi ananitumia picha mpya ya keki nyingine. Upendo siku hiyo haupo. Kuna ustahimilivu tu, na hela ya watu niliyokwisha kula. Bado siibadilishi na ofisi, ila dogo asidanganywe kwamba ukifanya unachokipenda hutachoka.

Akikua aende TFDA asajili jiko, asiuze kwa kujificha.

#24 Wakili wa Vichochoroni
Mama, chakula kilihamia TBS, shirika la viwango, tangu 2019. TFDA ikabadilika kuwa TMDA, wamebaki na dawa na vifaa tiba. Aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanawasaidia wasindikaji wadogo kuandaa mazingira ya kupata alama ya TBS.

#25 Mama Keki Segerea
Asante wakili. Kumbe nawe una faida.

#26 Ngosha wa Kati
Keki ya send-off ya dada yangu ilikuwa nzuri, nakubali. Aliitengeneza mwanamke.

#27 Mama Keki Segerea
Aliyepamba ni kijana wangu Idrisa. Mimi nilikwenda kupokea hela.

#28 Chumvi Kidogo
😂😂😂 Ngosha njoo huku tukupepee.

#29 fundiNeema
Mbona mnajadili kana kwamba keki iko upande mmoja na ufundi uko upande mwingine? Upishi nao unafundishwa VETA. Arusha pale Njiro kuna chuo chao cha hoteli na utalii. Na Chuo cha Taifa cha Utalii kipo hapa hapa Dar. Dogo anaweza kusoma hicho hicho anachokipenda, mjomba akaridhika ni ufundi, mzee akapata mahafali.

#30 Mama Keki Segerea
Nimepokea vijana wa vyuo vya hoteli jikoni kwangu. Usafi wanao, vipimo wanavyo, hilo nawapa. Ila wamefundishwa kumlisha mgeni wa hoteli ambaye hakatai bili. Huyu wa kwangu anataka keki ya kilo mbili kwa bei ya kilo moja, na picha ya marehemu baba yake juu. Cha chuo kizuri, lakini kisimtoe kwa wateja aliokwisha kuwapata. Akirudi baada ya miaka miwili watakuwa wa mtu mwingine.

#31 Baridi Kali
Niko Leipzig, Ujerumani, mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi. Huku wana utaratibu wa kujifunza ukiwa kazini: siku nyingi uko kwa mwajiri, siku nyingine shuleni, na unalipwa posho kila mwezi. Utengenezaji wa keki ni fani kamili, mtu anaitwa Konditor, miaka mitatu. Akiendelea akawa Meister, yaani fundi bingwa, kwenye mfumo wao wa sifa anakaa ngazi ya 6, sawa na mwenye shahada ya kwanza. Na kwa kawaida hufungui duka la keki bila huyo Meister. Hakuna shangazi anayemdharau.

Ila sharti ni Kijerumani, ngazi ya B1 kwa uchache, wengi wanadai B2. Nilipoteza muda mwingi na hela nyingi hapo kwa wakala mmoja aliyejiita wa uhakika. Visa ni kazi nyingine. Nasema ili mjue kuna nchi ambazo mabishano ya uzi huu yangeshangaza watu, simaanishi dogo apande ndege kesho.

#32 Spana 14
Huku kwetu ukitaka kufungua bekari unahitaji oveni na majirani wenye sherehe. Nani yuko huru zaidi?

#33 Baridi Kali
Mlaji wa keki yako ajibu.

#34 Wa Kisauni
Hebu nami nitie guu kutoka Mombasa. Mimi digrii niliisoma, nikazunguka na bahasha ya vyeti hadi soli ikaisha. Binamu yangu alijifunza ufundi wa bomba kwa kumfuata fundi tu, darasa hakuona. Akaenda NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, akafanya majaribio ya Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, sasa ana ya Kwanza, na hoteli za Nyali zinampigia simu. Mimi nampelekea hesabu zake za mwezi, ananilipa. Mamangu hadi leo akitutambulisha kwa wageni huanza na mimi, "huyu ndiye wa chuo kikuu". Binamu hucheka kisha hulipa chakula.

#35 Moto_6G
VETA nao wana kitu kama hicho, kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa na kupewa cheti. Nimemshuhudia mzee wa miaka hamsini na kitu anapiga picha na cheti chake cha uashi, kajenga nusu ya mtaa wetu.

#36 Ngosha wa Kati
Sasa kama kila mtu anafurahia kupata cheti mwishoni, kwa nini asianze nacho? Hamwoni mnanijenga mimi?

#37 mwl_kijijini
Ngosha, hapo una hoja, usiiharibu kwa keki na uanaume. Wa Kisauni amesema kitu ambacho wengi tunakiruka: mama anaanza na wa chuo kikuu. Mzee wa Mbagala anatafuta hiyo hiyo. Si mjinga. Yeye ameona maisha yake yote nani anapewa kiti akiingia ofisi ya kata na nani anasimamishwa mlangoni. Huwezi kumshinda kwa kumwonyesha mapato ya fundi bomba.

#38 Spana 14
Mimi nikiingia ofisi ya kata napewa kiti. Namtengenezea mtendaji pikipiki.

#39 Daftari Kuu
Kuna jambo la kiutaratibu mmelipita. Matokeo ya kidato cha sita hayaozi. Mwongozo wa Bodi wa miaka ya karibuni unampokea mwombaji aliyemaliza ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo dogo akioka mwaka mmoja au akasoma VETA miwili, mlango wa digrii na mkopo haujafungwa. Ukiusukuma mpaka wa sita ndipo unajilipia mwenyewe. Na TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka principal (alama A hadi E) mbili zenye pointi 4 kwa jumla kama kiwango cha chini, kwa Div II hizo anazo.

#40 dada_mkali
Mwaka mmoja wa kuoka unakuwa mitano. Nani amewahi kuonja hela akarudi kusoma Kanuni za Uhasibu?

#41 Daftari Kuu
Mimi. Niliacha kununua kahawa kwa wakulima nikarudi darasani, na ada nikajilipia.

#42 dada_mkali
Juu umesema kahawa ya mzee 👀

#43 Daftari Kuu
Mzee alikuwa mteja wangu. Tuendelee na mada.

#44 Kaka wa Mbagala
Wakuu, nimesoma yote, asanteni. Jana nimekaa na mzee nikampa swali la Mwalimu, miaka ya kusubiri nani ataibeba. Alinyamaza muda mrefu kisha akasema, "Wewe ulisubiri, ukafa?" Hapo nikakosa la kusema maana ni kweli nilisubiri, na aliyenilisha ni yeye.

Dogo naye nilimpa daftari la Mama Keki. Kakaa nalo wiki mbili. Oda alizoziona nzuri, mbili kati yake kumbe aliuza kwa hasara. Hakupenda, lakini amepandisha bei na mteja mmoja tu ndiye aliyekimbia. Bado anasema hataki chuo. Mjomba kamwahidi seti kamili ya vifaa vya umeme akienda VETA, na mzee akasikia, sasa mzee na mjomba hawasalimiani vizuri.

Na sisi wote tulisahau: jina lake limo kwenye orodha ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa.

#45 Chumvi Kidogo
Miezi mitatu ya kuamka saa kumi. Akirudi ataomba chuo mwenyewe, au atafungua bekari ya kikosi.

#46 Babu Ifunda
JKT mpeleke. Jiko la kule linapika kwa watu mia kadhaa kwa pamoja. Aombe kupangiwa jikoni, aone kama kweli anapenda kulisha watu au anapenda kusifiwa picha za keki.

#47 Mama Keki Segerea
Babu umenichoma na mimi. Na hao wateja wake kwa miezi mitatu? Nileteeni namba zao nizihudumie, akirudi namrudishia.

#48 Moto_6G
Harudishi huyo. Kaka, nilikwambia hapo juu.

#49 fundiNeema
Kaka, tazama tarehe. Dirisha la mkopo na la vyuo vikuu linafunguliwa na kufungwa katikati ya mwaka, na kambini simu haishikiki utakavyo. Chukua namba yake ya mtihani na ya NIDA au cheti cha kuzaliwa uwe navyo wewe. Fomu za VETA za kuanza Januari huwa zinatoka kuanzia mwezi wa nane hivi. Jaza zote mbili. Kujaza si kuamua, na ada ya fomu haifiki bei ya keki moja.

#50 Ngosha wa Kati
Jaza Uhasibu namba moja.

#51 Spana 14
Na seti ya vifaa mjomba asiirudishe dukani. Dogo asipoitaka, naichukua mimi.